Siku ya Kujitolea ya Mkoa Mzima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa vikaoni, kwenye simu za saa tatu usiku na kwenye makundi ya WhatsApp ya waratibu. Mifano mingi ni ya Mkoa wa Tanga kwa kuwa ndiko nilikoratibu, lakini ngazi za utawala ni zile zile Tanzania Bara nzima. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Misingi

1. Siku ya kujitolea ya mkoa inatofautianaje na msaragambo?

Msaragambo wa Usambaani, Upareni na Uchagani ni kazi ya watu wanaojuana. Mfereji umeziba au barabara imekatika, mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu, na asiyefika anaulizwa kwa jina. Siku ya mkoa inaazima moyo ule ule, ila hakuna wa kumuuliza mtu wa Songe, kule Kilindi, kwa nini hakutokea, na hapaswi kuulizwa. Ni hiari.

Wengine huichanganya na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ule ni utaratibu wa serikali, uliopata nguvu baada ya 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa mwaka ule na wananchi wakatakiwa washike mafagio. Rwanda wana umuganda, nao huwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwao ni wajibu kwa watu wa miaka 18 hadi 65 wenye uwezo. Hapa tunazungumzia kitu kingine: mtu anakuja kwa kuwa ametaka kuja, na ukimchosha bure mwakani humwoni.

2. Kwa nini mkoa mzima? Kata moja haitoshi?

Mara nyingi inatosha, na kama inatosha, fanyeni kata moja. Panueni pale tatizo lenyewe linapovuka mipaka. Mto Zigi unatoka Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza, unajaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalolinywesha Jiji la Tanga. Anayefungua bomba Chumbageni anamtegemea anayelima kando ya kijito asichowahi kukiona. Vivyo hivyo chupa iliyotupwa mtoni Korogwe, Mto Pangani unaipeleka hadi ufukweni Pangani. Kuokota chupa Pangani peke yake ni kupangusa maji huku bomba liko wazi.

Lakini msidanganyike na neno "mkoa". Mkoa hauna jembe. Mkoa unatoa tarehe, barua na pengine gari. Jembe, mtu na kivuli cha kupumzikia viko kitongojini. Majibu mengi ya ukurasa huu yanarudi hapo.

3. Tuchague kazi gani?

Kazi ambayo mtu asiye fundi anaiweza, inayoonekana imefanyika kufikia saa nne au saa tano asubuhi, na yenye mwenyewe wa kuitunza kesho. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika. Kupaka rangi darasa kuna mwenyewe, ni mwalimu mkuu. Kupanda miti kando ya barabara kuu, nani mwenyewe?

Msilazimishe wilaya zote kazi moja. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11 na watu zaidi ya milioni 2.6, kuanzia wavuvi wa Mkinga hadi wakulima wa mboga Lushoto. Lushoto na Bumbuli wana miteremko inayomomonyoka na vyanzo vya maji vya kulinda. Handeni na Kilindi wana ukame, malambo ya kuzibua na madarasa ya kukarabati. Pangani, Mkinga na Jiji wana fukwe. Tarehe iwe moja, kazi ziwe zao.

Kujenga darasa jipya kwa siku moja acheni. Watu wa kujitolea wasombe mawe, mchanga na maji, wachimbe msingi chini ya fundi, wamwage zege. Kunyanyua ukuta ni kazi ya mwenye timazi.

4. Tuchague tarehe gani?

Kama ni miti, mvua ndiyo inayochagua. Tanga kuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni 1 Aprili, nayo pwani huangukia vizuri, lakini msipande kwa sababu kalenda imesema. Subirini udongo ulowe kina cha kiganja, ndipo mpande. Usafi na ukarabati, kinyume chake, vinapendeza kiangazi: Juni hadi Septemba.

Kisha kuna ibada. Jumamosi inawaweka pembeni Wasabato, Jumapili asubuhi inawaweka pembeni Wakristo wengine, na Ijumaa lazima mmalize kabla ya saa sita. Tulichofanya sisi ni Jumamosi kuwa siku rasmi, na vituo vyenye Wasabato wengi vikafanya yao Jumapili asubuhi, kazi zikahesabiwa pamoja. Hakuna aliyelalamika, na wale wa Jumapili ndio waliofanya kazi safi kuliko wote.

Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa miaka mitatu iliyopita yaweza sasa kuwakuta watu wamefunga. Angalieni pia mitihani ya kitaifa, mnada wa wilaya, na ratiba ya Mwenge wa Uhuru. Mwenge ukipita mkoani, hakuna ofisa wala gari mtakalolipata wiki ile.

5. Tuanze maandalizi lini?

Miezi mitatu kabla kwa usafi na ukarabati. Kwa miti, miezi sita, maana miche haiamriwi kukua.

## Ruhusa na barua

6. Barua iende kwa nani?

Kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nakala kwa Wakuu wa Wilaya na Wakurugenzi wa Halmashauri mnazohusisha. Kutoka hapo ofisi huandikiana zenyewe: Mkurugenzi anawaandikia Watendaji wa Kata, Mtendaji wa Kata anawaita wa vijiji au mitaa. Msiruke ngazi. Mtendaji akiona gari limejaa watu wenye majembe katani kwake na hana karatasi, ana haki ya kuwasimamisha, na atawasimamisha.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Yah: ieleze ombi lenyewe, si salamu. Taja tarehe, vituo, kazi, idadi ya watu mnaowatarajia, jina na simu ya mratibu wa kila wilaya, na mnachoomba: afisa misitu wa kuwaelekeza, tipa la kuzoa taka, au kibali tu. Barua zinazosema "tunaomba ushirikiano wenu" hujibiwa kwamba ushirikiano upo, na mnabaki pale pale.

7. Tumepeleka barua, wiki tatu zimepita, kimya. Tufanyeje?

Barua haitembei yenyewe. Siku ya kuipeleka, pitieni masjala na mbaki na nakala yenu iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia barua mlinzi getini, kwa kuwa ilikuwa saa tisa na nusu na nilikuwa na basi la kuwahi. Mwezi mmoja baadaye tuliikuta ndani ya gazeti, kwenye droo yake, imekunjwa vizuri kabisa. Hakuwa na kosa. Alikuwa akingoja nirudi kuulizia.

Mkiwa na mhuri, nendeni baada ya wiki mbili mkaulize jalada liko meza ya nani. Mtu wa masjala ndiye anayejua. Msalimieni kama mnavyomsalimia Mkuu wa Wilaya.

8. Ni lazima kikundi chetu kiwe kimesajiliwa?

Kuokota taka mtaani kwenu kwa baraka za mwenyekiti wa mtaa hakuhitaji usajili. Mkianza kuchangisha fedha, kufanya shughuli wilaya zaidi ya moja na kutumia jina lenu kwenye barua, mtaulizwa cheti. Njia mbili zinafanya kazi: kujisajili (mashirika yasiyo ya kiserikali yanaongozwa na sheria ya mwaka 2002 na marekebisho yake, vikundi vya kijamii huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri), au kufanya kazi chini ya taasisi iliyokwisha kusajiliwa mnayoiamini. Ya pili ni nyepesi kwa mwaka wa kwanza.

9. Polisi wanahusika?

Mkikusanyika mahali pa wazi au kuandamana na bango na ngoma, mpelekeeni taarifa ya maandishi mkuu wa kituo husika si chini ya saa 48 kabla. Hata kama kazi yenu ni kufagia tu, taarifa hiyo ni kinga yenu. Pia mtahitaji trafiki pale watu wanapofanya kazi kando ya barabara ya lami.

10. Kuna vibali vingine tunavyoweza kusahau?

Vipo, na vinatofautiana na kazi. Kuchimba au kuzibua mtaro wa barabara: TARURA kwa barabara za mijini na vijijini, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Kuingia msitu wa hifadhi au mikoko: TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Kazi yoyote kwenye chanzo cha maji: anzieni kwa Afisa Mazingira, kwa kuwa ndani ya mita 60 kutoka chanzo shughuli za kibinadamu zimezuiwa kisheria. Kupanda miti rafiki wa maji kunakubalika, ila anayechagua miti hiyo ni mtaalamu, asiwe mfadhili. Nimeona mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, ikipelekwa kwenye chemchemi kwa kuwa ndiyo miche iliyokuwa ya bei rahisi. Ilirudishwa, bahati nzuri.

## Watu

11. Watu tutawapataje?

Tangazo la redio linawafahamisha watu. Halimtoi mtu kitandani Jumamosi saa kumi na mbili. Anayemtoa ni mtu anayemjua: imamu baada ya swala ya Ijumaa, mzee wa kanisa, kiongozi wa VICOBA, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kocha wa timu ya mtaa. Orodhesha watu ishirini wa namna hiyo kwa kila kata na uongee nao ana kwa ana. Ukiwapata kumi, kata imesimama.

Wapeni kazi halisi. Ukiwaambia bodaboda "mje mjitolee", watacheka. Ukiwaambia "tunahitaji pikipiki sita za kupeleka maji ya kunywa vituo vya mlimani", watabishana nani aachwe.

12. Tuwalipe posho?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Jibu langu ni hapana kwa anayefanya kazi kwa saa nne karibu na kwake, na ndiyo kwa nauli ya mtu mliyemwomba atoke mbali, pamoja na malipo ya fundi na dereva ambao hiyo ndiyo riziki yao. Mkiwalipa watu wa kata moja, habari itafika kata ya pili kabla ya saa sita, na siku ya kujitolea imekufa.

Shida huwa si posho yenyewe, ni mategemeo. Katika kata moja tulitangaza vizuri, watu wakaja zaidi ya mia mbili, kazi ikaenda. Kufikia saa tano nikaona foleni mbele ya gari letu. Nikauliza kuna nini. Mama mmoja, jembe begani, akanijibu taratibu: "Mwanangu, mmetusainisha. Sasa karatasi ya kusaini ni ya nini kama si ya hela?"

Alikuwa sahihi. Kwetu karatasi ya mahudhurio ina maana moja tu, na sisi tuliizungusha kila kituo ili tupate takwimu za ripoti. Garini kulikuwa na katoni za maji. Tulisimama juu ya ndoo tukaomba radhi, wengine wakaelewa, wengine wakaondoka wakinung'unika, nao pia walikuwa sahihi. Tangu siku ile hatusainishi mtu. Tunahesabu kwa vifaa vilivyoazimwa na kurudishwa, na sentensi ya kwanza ya kila tangazo ni: "Ni kazi ya kujitolea, hakuna malipo, maji ya kunywa na uji vipo." Uji ukiahidiwa uwepo.

13. Wanafunzi tuwachukue?

Wanaweza kushiriki kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi na ya mkuu wa shule, wakiwa na walimu wao, kwa kazi inayolingana na umri: kumwagilia, kupaka rangi, kupanda. Wasiingie mtaroni, wasibebe mawe, wasipande kwenye tipa. Kuifungulia shule nzima geti ili picha ipendeze ni kuwatumia watoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 haifurahii. Kwa picha, tazama swali la 22.

14. Tuna wageni kutoka nje na ndugu wa Muscat wanaotaka kusaidia.

Mgeni anayekuja kufanya kazi ya kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C. Viza ya matembezi haimfanyi awe mfanyakazi. Waulize Uhamiaji kabla hajakata tiketi. Ndugu walio Oman wachangie fedha na msiwaruhusu watume nguo na vifaa. Ushuru na usafiri hula zaidi ya thamani ya mzigo, na reki zinauzwa Korogwe.

## Fedha na vifaa

15. Bajeti inaenda wapi?

Usafiri kwanza, na kwa mbali. Mkoa wenye milima kama ya Lushoto na umbali kama wa Kilindi unakula dizeli. Baada ya hapo vifaa, maji, na mwishoni matangazo. Bajeti inayoanza na fulana na jukwaa imeandikwa kichwa chini.

16. Vifaa tununue vingapi?

Msinunue majembe. Waombeni watu waje nayo, na mseme hivyo kwenye tangazo; kijijini kila nyumba ina jembe na panga. Mjini ndiko hakuna, na huko mtahitaji reki, makoleo, toroli na viroba vya salfeti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, kwa hiyo msifike ufukweni na rambo mkihubiri mazingira. Glavu ni za kila mtu. Jembe moja kwa watu watatu linatosha: mmoja analima, mmoja anasomba, mmoja anapumzika, na hivyo ndivyo watu wanavyofanya kazi bila kuambiwa.

Kwa miti, piga hesabu kinyume. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inameza miche 1,111 kwa hekta. Watu 100 wakipanda miche 10 kila mmoja, hekta haijajaa. Basi msiagize miche 20,000 kwa kituo cha watu 100. Itabaki kwenye viriba, vile vifuko vya kitaluni, itakauka, na jumla ya ripoti itasema imepandwa.

17. Fedha zikae wapi?

Kwenye akaunti ya benki ya taasisi yenye watia saini wasiopungua wawili. Zisikae kwenye simu ya mratibu hata kama ni mcha Mungu. Michango midogo ya simu ipitie namba ya malipo ya taasisi. Kila manunuzi yawe na risiti ya EFD, na mahesabu yabandikwe kwenye kundi lile lile mlilochangishia, siyo kwa kamati peke yake.

18. Mfadhili anataka nembo yake kila mahali.

Mkubalieni bango moja kwa kila kituo na shukrani redioni. Msikubali nembo kwenye ukuta wa darasa wala ubao kwenye kila mti. Haya yaandikwe kabla fedha hazijaingia, maana baada ya hapo mtaona haya.

19. Fulana je?

Hapana. Nunueni glavu.

## Siku yenyewe

20. Ratiba iweje?

Saa 12:30 waratibu na vifaa viko kituoni. Saa 1:00 kazi inaanza, siyo hotuba. Saa 4:00 uji na mapumziko. Saa 5:00 kuhesabu vifaa, shukrani za dakika kumi, watu waende. Pwani ya Tanga jua la saa sita halibishani na mtu. Kituo cha ufukweni kinafuata maji kupwa, na maji husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulizeni mvuvi, msikadirie kwa ratiba ya mwezi uliopita.

21. Mgeni rasmi amechelewa. Tusubiri?

Kazi haisubiri. Mpeni nafasi ya kufunga, asifungue. Akija saa tatu atakuta watu wametoka jasho na ataona kazi iliyofanyika. Akija saa tano atawashukuru. Asipokuja, hakuna kilichoharibika. Siku niliyowaweka watu juani hadi saa nne kumngojea mheshimiwa, nusu yao waliondoka na majembe yao safi kama walivyokuja nayo. Mwambieni msaidizi wake mpango huu mapema, kwa adabu, na wengi wao huupenda.

22. Picha tupige?

Pigeni, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ridhaa. Kwa mtu mzima ulizeni. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi iwe kwenye ile barua ya ruhusa ya swali la 13.

23. Mtu akichomwa na sindano au kuumia?

Kila kituo kiwe na kisanduku cha huduma ya kwanza, mtu anayejua kukitumia (waulizeni Msalaba Mwekundu wa wilayani), jina la zahanati iliyo karibu na gari au bodaboda ya akiba. Kabla ya kazi, afisa afya apite na kuondoa vitu hatari. Sindano haiokotwi kwa mkono hata wenye glavu. Simamisheni kazi pale, mwiteni.

Aliyechomwa anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue wala asinyonye kidonda, aende kituo cha afya saa ile ile. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafuu. Msimwambie "utaenda Jumatatu".

## Mambo yenye utata

24. Vyama vya siasa vinataka kushiriki.

Watu wao wakaribishwe kama wakazi. Sare, bendera na kofia za chama zibaki nyumbani, kwa vyama vyote bila kubagua. Mwaka wa uchaguzi, tarehe iwe nje ya kipindi cha kampeni. Ndani ya kampeni, hata mkiwa wasafi kiasi gani, hamtaaminika.

25. Tumefika na miche, mtu anasema shamba ni lake.

Simamisheni. Msibishane na msitegemee neno la mtu mmoja, hata akiwa mwenyekiti. Mtendaji na wazee wa kitongoji waitwe siku nyingine. Dawa yake ni kupita eneo lote wiki mbili kabla, mkiwa na majirani wa pande zote nne, na kuandika muhtasari wenye mhuri wa kijiji. Mti uliopandwa kwenye mgogoro hung'olewa usiku.

26. Tunataka kupanda mikoko. Kuna la kuangalia?

Lipo kubwa. Mikoko si mti mmoja. Mlilana hukaa upande wa bahari, mkandaa hukaa nyuma, na mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama kijiti, hupendwa na wapandaji kwa kuwa ni rahisi kuuchomeka, basi huchomekwa hata pasipo pake. Ufukwe ulio mtupu siku zote huenda uko hivyo kwa sababu. Ulizeni TFS na wazee wa pwani kama mikoko iliwahi kuwapo hapo na nini kiliiondoa. Pakiwa na majani ya bahari msipande juu yake. Hapo samaki huzalia.

27. Tunaweza kuunganisha na uchangiaji wa damu?

Ndiyo, kwa kuwasiliana na Mpango wa Taifa wa Damu Salama mapema. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na mwanaume angoje miezi 3 kabla ya kurudia, mwanamke miezi 4. Lakini aliyetoka kulima juani asipande kitandani kutoa damu, wala aliyetoa damu asirudi kwenye jembe. Kiwekeni kituo cha damu kwa ajili ya wasiofanya kazi nzito.

## Baada ya siku

28. Taka tulizokusanya zinaenda wapi?

Hili lijibiwe kabla ya kiroba cha kwanza kujaa. Tipa la halmashauri liwe limeahidiwa kwa saa na kwa jina la dereva. Viroba vikikaa kando ya barabara hadi Jumatatu, mbwa na mvua vitavirudisha vilikotoka, na mtakuwa mmezihamisha taka mita ishirini. Chupa za plastiki na vyuma chakavu, waacheni wanaookota kwa riziki wavichambue kwanza.

29. Ripoti iseme nini?

Msishindane kwa idadi. Lengo la kitaifa la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka limetuzoesha kuhesabu mashimo. Andikeni miche iliyopandwa, kisha miche iliyo hai baada ya miezi 6 na baada ya mwaka. Namba ya pili itakuwa ndogo na itawauma. Ipelekeni hivyo hivyo.

30. Miche mingi imekufa mwaka jana. Turudie eneo lile lile?

Kwanza jueni imekufa kwa nini. Piteni na mzee wa pale, ng'oeni mche mmoja mkauke na mwangalie chini. Mizizi ikiwa imejikunja ndani ya kiriba, hamkukichana wakati wa kupanda. Shina likiwa limeng'atwa na kuchanikachanika, huenda ni mbuzi, na mnahitaji kuzungumza na wafugaji kabla ya kuzungumza na kitalu. Mchwa huacha vichuguu vidogo vya udongo kwenye shina. Ukikuta mche mzima umekauka mahali pake, hakuna aliyemwagilia.

Kituo chetu kimoja kilipoteza karibu miche yote mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tuligawa mistari kwa kaya jirani, kila mstari jina, na kila kaya ikachagua mti inaoutaka yenyewe. Wengi walitaka miembe na michungwa, ambayo haikuwa kwenye mpango. Tuliwapa.